Kabla Hamjamlipa Mpiga Picha wa Harusi

 

Desemba inakaribia. Daftari la kanisa tayari lina harusi kadhaa, na kamati zimeanza kukutana baada ya ibada. Bajeti zinasomwa: tenti, viti, chakula, magari, keki, mapambo. Kisha unafika ule mstari ulioandikwa "picha na video", na mtu mmoja anasema, "Hiyo tuachieni, kuna kijana tunamjua." Kamati inapita. Leo nataka tusimame kidogo kwenye mstari huo. Utauliza, pasta, wewe na kamera wapi na wapi? Nivumilie, mpendwa.

Nimefungisha ndoa nyingi. Siku ya harusi nyinyi mnamwona mpiga picha mgongo, lakini mimi niliye madhabahuni namwona uso. Namjua aliyejiandaa na namjua aliyekuja kubahatisha. Na baada ya harusi, wanandoa wapya wakija ofisini, mara nyingine neno la kwanza si la mgogoro wa nyumbani. Ni hili: "Pasta, mpaka leo hatujapata picha."

Kuna wanandoa walionipa ruhusa nisimulie yao bila majina. Mpiga picha aliwaahidi kuwapunguzia bei iwapo wangelipa zote mapema. Wakalipa. Siku ya harusi alikuja, akapiga picha kwa bidii, kila mtu akafurahi. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita, simu ikawa haishikwi. Mwishowe akasema kompyuta yake iliibwa, na kadi za kamera alikuwa ameshazifuta ili azitumie kwenye harusi nyingine. Baba ya bibi harusi alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali ili amsindikize binti yake. Mwezi wa nne baada ya harusi tulimzika. Familia ilipotafuta picha ya mzee akiwa amevaa suti yake ili iwekwe kwenye ratiba ya mazishi, ilipatikana moja tu, ya simu ya binamu, nusu ya uso imefichwa na maua. Dada yule aliniambia, "Pasta, pesa nimeshasamehe. Lakini uso wa baba nitautoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika haya.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka mashahidi wawili watie sahihi kwenye cheti cha ndoa pamoja nanyi na mimi. Mimi humhesabu mpiga picha kuwa shahidi wa tatu. Mashahidi wawili hamuwaokoti njiani Jumamosi asubuhi. Huyu wa tatu naye mchagueni kwa uangalifu uleule.

Fungua Yeremia sura ya 32 usome mwenyewe. Nabii ananunua shamba la Anathothi kutoka kwa binamu yake Hanameli. Ni mtu wa ukoo, damu moja. Lakini Yeremia anaandika hati, anatia muhuri, anaita mashahidi, anapima shekeli 17 za fedha mbele yao. Hati zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine iko wazi, na zote mbili anaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Bwana ndiye aliyemwambia anunue, na bado aliandika! Basi wewe unayesema "huyu ni kijana wa kwaya yetu, hakuna haja ya karatasi", umempita nabii kwa imani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikiana kunalinda undugu, kwa sababu kila mmoja anajua alichoahidi.

Sasa tushuke kwenye mambo yenyewe.

Kwanza, usimchague kwa picha kumi nzuri za Instagram. Mtu yeyote akipiga picha elfu, kumi zitatoka vizuri. Mwambie, "Tuonyeshe harusi moja nzima, kuanzia maandalizi nyumbani hadi kukata keki." Angalia sana picha za ndani ya kanisa. Makanisa yetu mengi ni magumu kwa kamera: mlango nyuma una jua kali, mbele kuna giza, na juu ya madhabahu kuna taa za zambarau na buluu. Asiyejua kazi atakuletea nyuso za zambarau. Angalia pia kama gauni jeupe na uso mweusi vimeonekana vyote viwili katika picha moja. Wapo ambao gauni likitoka vizuri, uso wa bibi harusi unakuwa kivuli, au uso ukionekana, gauni linakuwa doa jeupe lisilo na mshono hata mmoja. Usitosheke na kuambiwa anaweza. Taka kuona.

Pili, uliza nani hasa atakuja. Jumamosi za Desemba ni chache na harusi ni nyingi. Wapo wanaopokea kazi tatu za siku moja, wanakwenda kwenye moja, na kwingine wanatuma vijana wanaojifunza. Jina la atakayeshika kamera liandikwe kwenye mkataba, na liandikwe pia ni nani atakayechukua nafasi yake akiugua. Sote ni binadamu, kuugua kupo.

Tatu, mkataba wenyewe. Hauhitaji Kiingereza kigumu. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, mahali, anafika saa ngapi na anaondoka saa ngapi, wapiga picha ni wangapi, mtapewa picha ngapi zilizohaririwa, albamu ya kurasa ngapi, lini mtazipata, nauli na chakula ni juu ya nani, na sherehe ikipita muda mtaongeza kiasi gani. Andikeni pia itakuwaje harusi ikiahirishwa, na itakuwaje yeye akikosa kufika. Malipo yagawanywe: sehemu ya kuweka nafasi, sehemu siku ya harusi au karibu nayo, na ya mwisho mkishapokea kazi. Lipeni kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki kama ushahidi, na msiufute. Kumbukeni pesa hizo nyingine ni jasho la washirika waliochanga, wakiwemo akina mama wanaouza mboga. Mtatoa hesabu.

Nne, muulize picha zitahifadhiwa vipi. Hapa wengi hunyamaza kwa sababu wanaona ni mambo ya kitaalamu, lakini hapa ndipo wale wanandoa wangu walipoumia. Zipo kamera zenye nafasi ya kadi mbili, na kila picha inaingia kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Uliza kama yake ni hivyo. Uliza kama atanakili picha mahali pawili tofauti kabla ya kufuta kadi yoyote. Na mkikabidhiwa, nanyi msiziache kwenye simu moja. Wekeni kwenye diski nyumbani, na nakala nyingine kwa mama au kwa msimamizi wenu. Zile hati mbili za Yeremia zinatufundisha hata leo.

Tano, jueni haki zenu. Katika sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoiagiza kwa mtu asiye mwajiriwa wako huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwako, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Kwa hiyo someni kile kipengele kidogo cha mwisho kabla ya sahihi. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya uso wako inaingia humo. Mwaka 2023 ofisi inayosimamia sheria hiyo ilitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Basi amueni mapema: je, anaruhusiwa kuweka picha zenu mtandaoni kujitangaza? Na zile za watoto waliobeba maua? Na zile za dada akivaa gauni chumbani? Dada yangu, hilo la mwisho usiliache hewani.

Sita, heshimuni saa. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima. Halikusubiri. Ibada ikiwa ya saa nne na bibi harusi akafika saa sita, picha zote za nje zitapigwa jua likiwa utosini, macho yamezama kwenye vivuli. Halafu mnakwenda bustanini kwa saa mbili huku wageni wanakaa kwenye tenti na njaa, na wazee wanaanza kuondoka. Ushauri wangu: pigeni picha za familia hapo hapo kanisani mara tu ibada ikiisha. Andikeni orodha ya makundi, na mpeni shangazi mmoja mwenye sauti asome majina. Wazee na wagonjwa watangulie. Bustani baadaye, na muulize mapema ada yake, maana bustani nyingi hutoza picha za harusi. Kama mnataka droni, muulizeni mwenye droni kama ana kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Saba, mleteni kwa mchungaji. Aje siku ya mazoezi. Nitamwonyesha asimame wapi na asisimame wapi. Wakati wa maombi na wakati wa viapo sitaki flashi usoni mwa watu, wala mtu kusimama kati ya wachumba na madhabahu. Kuna aliyewahi kuniambia, "Pasta, rudia hapo pa pete, sikuipata." Nilimjibu kwa upole kwamba agano halirudiwi kwa ajili ya kamera. Mpiga picha anayejua mpangilio wa ibada hatahitaji kurudiwa chochote.

Na kama pesa ni kidogo? Bwana Yesu alifundisha habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama. Iko katika Luka 14. Usichukue mkopo wa simu ili ulipie droni. Mwambie mpiga picha mzuri ukweli: "Tuna kiasi hiki, tunakuomba saa nne tu, ibada na picha za familia." Saa nne za mtu anayejua kazi zina faida kuliko siku nzima ya mtu anayebahatisha. Maandalizi ya asubuhi na ngoma za jioni, ndugu na marafiki watawapigia kwa simu, na mtafurahi vilevile.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana neno hukata kote kote. Baadhi yetu tumewaonea hawa vijana. Mtu anafanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi, sahani zinapita mbele yake na hakuna anayemkaribisha. Kisha salio lake linazungushwa miezi kwa sababu "kamati imevunjwa." Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa wa vibarua hulia, na kilio kinafika masikioni mwa Bwana. Ukianza ndoa na kilio cha namna hiyo nyuma yako, hiyo si baraka. Mpe maji, mpe chakula wakati mmoja na wageni, mlipe siku mliyokubaliana.

Na akiwakosea yeye? Nendeni kwanza mkaongee naye, nyinyi na yeye, kama Mathayo 18 inavyotufundisha. Asiposikia, nendeni na shahidi mmoja au wawili. Msianze na matusi kwenye Facebook. Ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hapo ndipo mtakapoutafuta ule ukurasa mmoja wenye sahihi.

Mlio na harusi mbele yenu, nawapa kazi ya kufanya usiku huu. Kila mmoja achukue karatasi peke yake, aandike majina matano ya watu ambao akikosa picha yao siku hiyo atalia. Kisha badilishaneni karatasi. Utashangaa kuona jina la nyanya ambaye mchumba wako hajawahi kukutajia, au la mwalimu aliyemlipia karo. Mtafahamiana zaidi kwa karatasi hizo kuliko kwa vikao vitatu vya kamati. Majina hayo yote mpeni mpiga picha pamoja na mkataba, na mwambieni: hawa kwanza, mapambo baadaye.

Baba, tunakuombea kila nyumba inayojiandaa kuanza. Wape hekima ya kupanga, uaminifu wa kulipa, na watu waaminifu wa kufanya kazi. Na wale wazee wanaongoja kuona siku hiyo, uwape nguvu wafike. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama unamjua mtu mwenye harusi Desemba hii, mtumie ujumbe huu kabla hajatuma pesa. Na wewe uliyeolewa au kuoa zamani, tuambie hapo chini: ni uso wa nani unaoutafuta kwanza ukifungua albamu yako?