Kutoka Kapitene wa Kasenyi Hadi Samaki wa Katoni

Nilipokuwa mtoto Mudzipela, mtaa wa Bunia, mashariki mwa Kongo, samaki kapitene hakuingia mzima kwenye sufuria yoyote ya nyumbani. Alifika kutoka Kasenyi au Tchomia, kando ya ziwa, akiwa amekwisha kukatwa vipande kwa panga, na kichwa chake kiliuzwa peke yake, kwa familia yenye watu wengi. Ziwa lilikuwa bado linaitwa Mobutu Sese Seko, jina lililodumu tangu 1973 mpaka 1997, ingawa wazee wetu hawakuacha kusema Albert. Samaki wabichi walifungwa kwa majani ya mgomba. Mama akishawatoa, majani yalitupwa shambani nyuma ya nyumba, na baada ya mvua kadhaa hayakuonekana tena.

Wasomaji wa Mwanza na Kisumu wanamjua samaki huyu kwa jina la sangara au mbuta, lakini Ziwa Victoria si kwao. Alipelekwa huko miaka ya 1950, enzi za wakoloni, na Albert ni mojawapo ya maziwa alikochukuliwa. Kwetu ndiko kwao. Ndiyo maana huniuma kuona alivyo leo.

Sokoni Bunia, mama mmoja ninayenunua kwake huwapanga kapitene kwenye beseni, vichwa upande mmoja. Siku moja niliweka kiganja changu kando ya mmoja wao: alikizidi kwa vidole viwili tu. Nikamuuliza, “Mama, na wakubwa wake wako wapi?” Akanijibu bila kuinua macho, “Mwanangu, wakubwa hatuwaonake tena.” Jike la kapitene halianzi kutaga mpaka lipite nusu mita. Basi beseni lile lote lilikuwa la watoto ambao hawajawahi kuzaa.

Haikutokea kwa siku moja. Vita vya 1999 hadi 2003 vilifunga barabara ya Bogoro, ya kwenda ziwani, na miaka ile ilikuwa bahati kuona samaki wa ziwani Mudzipela. Barabara ilipofunguka, walioteremka ziwani walikuwa wengi kuliko waliokuwako zamani. Mtu aliyepoteza ng'ombe na shamba, nani atamlaumu akishika wavu? Mwishoni mwa 2017 moto wa vita ukawaka tena eneo la Djugu, na miezi michache iliyofuata makumi ya maelfu ya watu wakavuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Hoima, Uganda. Katika miaka hiyo yote nyavu zilizidi kuwa za matundu madogo. Zikaja kokoro za kuburuta pwani, mahali hasa samaki wanapozalia. Zikaja nyavu za kuzuia mbu, zilizotolewa ili zitandikwe vitandani. Zikaja taa za usiku za kuvutia muziri, samaki wadogo wa kukausha, ambao sasa pamoja na wenzao wadogo, ragoge, ndio wanaojaza sehemu kubwa ya mitumbwi ya ziwa hili. Muziri ni chakula kizuri, na maskini anamudu kumnunua. Lakini ziwa la kapitene linapogeuka ziwa la muziri, kuna kitu kimevunjika.

Kisha maji yenyewe yakapanda. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ilipata joto kuliko kawaida, huku upande wa Indonesia ikipoa. Hali hiyo huja na kuondoka yenyewe, ila dunia inavyozidi kupata joto wataalamu wanatazamia ile kali ije mara nyingi zaidi. Maji ya bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na upepo ukauleta bara. Mvua haikukatika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kiwango kilichoifikia au kuipita rekodi ya 1964, na maji yake hushuka kwa Nile mpaka Albert. Kasenyi na Tchomia, nyumba za ukingoni zikaingiliwa na maji, na mahali pa kuanikia samaki pakazama. Watu waliokwisha kukimbia vita wakakimbia tena, safari hii wakikimbia maji. Niliposikia kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa bahari ambayo wengi wetu Mudzipela hatujawahi kuiona, nilikaa kimya muda mrefu. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana hasa na moshi wa mafuta na makaa limemezwa na bahari. Na ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Uganda, visima vya Kingfisher vimechimbwa karibu kabisa na maji, mafuta yake yasafirishwe kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Yatachomwa mbali, lakini joto lake halitabaki mbali.

Kapitene alipoadimika na bei yake kupanda, meza zetu zikahamia baharini. Leo nyumba nyingi za Mudzipela zinapika samaki wa frigo anayefika kwenye katoni, anayefanana na kibua, yule ambaye Kinshasa wanamwita mpiodi au Thomson. Wengi wa samaki hao wanaoliwa Kongo huvuliwa kwenye bahari ya Namibia. Nimewasikia watu wakisema kwa furaha kwamba bahari haina mwisho. Namibia wenyewe hawawezi kusema hivyo. Mwaka 1968 huko zilivuliwa tani milioni 1.4 za sadini, miaka ya 1970 sadini wakaporomoka, na hadi leo hawajarudi walivyokuwa. Mwaka 2006 watafiti waliopima sehemu ya bahari hiyo walitangaza kwamba walikuta tani milioni 12 za yavuyavu, wale viumbe laini wasio na mifupa wanaowasha ngozi, dhidi ya samaki tani milioni 3.6. Ni kisa kama cha Kasenyi, tena kibaya zaidi: wa zamani wanaondoka, na huku nafasi yao inachukuliwa na kisichoweza kulisha watu. Tumeacha ziwa lililochoka tukaenda kula kwenye bahari iliyochoka, na katoni haituonyeshi hilo.

Na sisi tunaipelekea nini bahari hiyo? Samaki wa leo hafungwi tena kwa jani la mgomba, anatiwa kwenye sashe, mfuko mweusi wa plastiki. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko hiyo, lakini sokoni unapewa bila kuomba. Mvua ikinyesha Mudzipela, masashe yaliyotupwa miferejini yanateremka nayo. Kati ya Bunia na Kasenyi ardhi inagawa maji: ya Kasenyi yanakwenda Nile na kuishia Mediterania, lakini ya kwetu yanaingia Shari, Shari inaingia Ituri, Ituri inakuwa Aruwimi, na Basoko yanajiunga na mto Kongo. Kutoka hapo yanapita Mbandaka na Kinshasa mpaka Banana, kwenye Atlantiki. Ni bahari ileile inayoogesha pwani ya Namibia.

Tukirudi ziwani kwetu, sheria ya Uganda inakataza kuvua na kuuza kapitene aliye chini ya sentimita 50. Ziwa ni moja, na samaki hajui mpaka uko wapi. Sokoni kwetu sijawahi kumwona mtu akipima. Basi tuanze sisi wanunuzi, akina mama na akina baba wa Bunia. Tuende sokoni na kikapu, sashe tuikatae. Kapitene aliye mdogo tumwache kwenye beseni, na mama anayeuza tumweleze sababu kwa heshima, kisha tununue muziri wake, maana naye ana watoto wa kulisha.