Cannavaro wa Jezi Mbili

Nikikumbuka mazungumzo ya mpira kwenye baraza za Chake Chake na Wete miaka ya mwanzo ya 2000, nasikia majina ya washambuliaji tu. Beki alitajwa siku aliyokosea. Sifa aliyoweza kuipata ni ya kubutua: mpira uende mbali, na mtu pia akiwezekana. Kisha likaja Kombe la Dunia la 2006. Fabio Cannavaro, mzaliwa wa Napoli ambaye kwa kimo hakufika hata mita 1.80, aliongoza Italia iliyoruhusu mabao mawili tu katika mechi saba, moja la kujifunga na jingine penalti ya Zidane. Fainali ile ya Berlin ilikuwa mechi yake ya 100 ya timu ya taifa, na kabla mwaka haujaisha akatwaa Ballon d'Or, tuzo ambayo mabeki huwa wanaitazama kwa mbali. Wengi hapa Pemba huamini kwamba hapo ndipo macho yetu yalipofunguka. Mimi naona aliyeyafungua ni mwingine, Mzanzibari aliyebeba jina la Mtaliano huyo kama jina la utani: Nadir Haroub Ali.

Nina sababu. Fabio alitufundisha kumstahi beki aliye mbali, ndani ya televisheni, akiwa na kipa kama Buffon nyuma yake. Nadir alitoka klabu ya Malindi ya Unguja akaenda Yanga, na huko akakaa zaidi ya miaka kumi, ukitoa kipindi cha 2009 alipokwenda Canada kuchezea Vancouver Whitecaps. Msimu baada ya msimu tulimsikiliza redioni, na Yanga ilipovuka bahari kuja kuweka kambi Pemba kabla ya kukutana na Simba, watu walimwona kwa macho yao. Kombe la Kagame likaja 2011 na 2012. Machi 2014 Al Ahly, bingwa wa Afrika wakati huo, ilifungwa Dar es Salaam bao 1-0, na aliyefunga kwa kichwa dakika za mwisho alikuwa yeye, beki. Yanga ilitolewa kwa penalti kule Misri, lakini baraza zilikuwa zimeshapata hoja mpya. Watu wakaanza kubishana nani alimpanga nani kwenye kona, kwa nini beki mwenzake Kelvin Yondani alisogea na Nadir akabaki nyuma. Mtu anayebisha hivyo hawezi tena kuridhika na kubutua.

Mshabiki wa Serie A atasema nalinganisha visivyolingana. Mmoja alinyanyua Kombe la Dunia akamaliza na mechi 136 za taifa. Mwingine hakuwahi kucheza fainali za AFCON, na Tanzania ilipofika huko 2019 yeye alikuwa ameshatundika viatu. Ni kweli, na kwa vikombe sina la kubisha. Lakini Fabio alikuwa na taifa moja la kulilinda. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF iliipokea Machi 2017, ikaitoa kabla ya miezi mitano kupita. Kwa hiyo Nadir alivaa jezi ya Taifa Stars, akawa nahodha wake, na michuano ya CECAFA ikifika akavaa ya Zanzibar Heroes kuwakabili wachezaji wale wale aliokuwa akiwaongoza. Mwaka 2012 mjini Kampala, Zanzibar ilichukua nafasi ya tatu kwa kuishinda Tanzania Bara kwa penalti. Kuaminiwa na pande mbili ambazo siasa zake huwa hazikosi mashaka (na Pemba tunazijua) ni kazi ambayo hakuna tuzo ya Ulaya inayoipima.

Liko pingamizi jingine, zito zaidi. Januari 2016 kocha Charles Mkwasa alimkabidhi mshambuliaji Mbwana Samatta unahodha wa Taifa Stars, naye Nadir akatangaza kustaafu timu ya taifa. Waliosema ni hasira hawakukosa pa kushika. Samatta alikuwa ametoka kutangazwa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika, na kumpa kitambaa kulikuwa na mantiki. Hata hivyo uamuzi ule, nionavyo, ulirudi kwenye desturi yetu ya zamani: heshima humfuata anayefunga. Kwamba watu waliona kuna jambo la kujadili, hilo ndilo geni. Miaka kumi nyuma beki angevuliwa kitambaa na baraza zisingekatiza mchezo wa bao. Nadir alicheza Yanga hadi 2018, kisha klabu ikamfanya meneja wa timu.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lililetwa Gombani, hapa Pemba, likachezwa na timu za taifa, na Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Bara nayo ilishiriki, kama timu tofauti. Wachezaji wa Zanzibar wanaoitwa Taifa Stars bado wanagawa miaka yao kati ya jezi mbili, na atakayevaa kitambaa cha zote mbili atapimwa kwa kipimo alichokiacha beki.