Michezo ya Kiangazi

Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi yakifika, watoto hufinyanga theluji. Kwetu Kasongo na Kabambare theluji haianguki. Lakini mwezi wa Juni na wa Julai tunao ubaridi wetu: mvua imekoma, mito imepungua, na asubuhi watoto huzunguka moto. Shule nazo hufungwa hata Septemba. Ndipo wazazi wengi wanapolalamika: "Watoto wanacheza tu, watasahau yote."

Wapenzi wasomaji, tuwatazame vizuri hao wanaocheza. Sisi tunaofundisha wadogo tulimkuta mtoto wa miaka mitano akiunda motokari ya vijiti vya mchikichi, magurudumu yake yamekatwa katika kandambili kuukuu. Gurudumu moja lilizidi ukubwa, motokari ikaenda upande. Akalipima na lenzake, akalikata, akajaribu tena. Mama yake akaita: "Acha upuzi huo, ushike kitabu!" Tukamwambia: "Mama, mwache kidogo, yuko shuleni." Akacheka, akauliza: "Na maji nani atateka?" Swali lake lilikuwa la haki, maana kazi za nyumbani hazingoji. Tukapatana: mtoto amalize gurudumu, kisha afuatane na dada zake mtoni, awahesabie bidoni.

Kila mchezo una somo lake. Anayegawa mbegu katika vishimo vya bao hujifunza kuhesabu na kungoja zamu. Anayefinyanga udongo huzoeza vidole vitakavyoshika kalamu. Vitendawili vya usiku hunoa sikio na ulimi. Mwalimu Friedrich Fröbel alilijua jambo hilo, naye mwaka 1837 alianzisha huko Ujerumani nyumba ya kufundishia wadogo kwa michezo. Na Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989, katika kifungu cha 31, yanataja kucheza kuwa haki ya mtoto.

Vijiji vyetu vingi havina shule ya watoto wadogo. Tena wako watoto wa Kabambare waliokimbia vita bila kitabu wala kalamu. Lakini mchezo huchukuliwa kichwani, hata njiani.

Basi, enyi wazazi, hamna haja ya kununua kitu. Ketini nao kitambo kidogo kila jioni, mwaulize: "Ni ngapi? Kwa nini?" Waangalieni tu wasichezee moto karibu na majani makavu. Wazee walisema: Udongo uwahi ungali maji.