Mwaka Don Williams Alipotangaza Kurudi

Mwaka 2010 watu wa Litein waligawanyika juu ya katiba, lakini juu ya Don Williams hawakugawanyika. Kampeni za kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti zilikuwa zimepamba moto. Magari yenye vipaza sauti yalipanda na kushuka barabara ya Kericho kwenda Sotik, kijani ni Ndiyo, nyekundu ni La, na upande wetu nyekundu ndiyo iliyotamba. Katikati ya kelele hizo ikaingia habari nyingine: yule mwimbaji wa Texas, aliyewaaga mashabiki wake mwaka 2006 akaenda zake kupumzika, anarudi jukwaani. Ametangaza ziara.

Habari ilianzia kwenye kibanda cha fundi wa redio karibu na stegi. Fundi alikuwa amefungua redio ya mteja, spika imelala mezani, na redio hiyohiyo aliyokuwa akiijaribu ndiyo iliyotamka. Akatoka nje na bisibisi mkononi akamwita makanga wa kwanza aliyemwona. Makanga akamwambia dereva, dereva akafika Kapkatet, na kabla jua halijaanza kushuka habari ilikuwa imerudi Litein kutoka Kapkatet ikiwa imenenepa: Don Williams anakuja Kenya.

Hakuwa anakuja Kenya. Aliyotangaza ni maonyesho ya kwao, Marekani. Hata hivyo ilichukua siku kadhaa watu kulikubali jambo hilo, na hata walipolikubali furaha haikupungua. Nimeyaona mapokezi ya wanasiasa pale Litein, nimeyaona mapokezi ya wanariadha waliorudi na medali. Furaha ya wiki ile ilikuwa ya aina nyingine, kama ya watu walioambiwa kwamba jamaa yao aliyelazwa hospitalini amekula chakula na kuuliza habari za ng'ombe wake.

Don tulimfahamu kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Sisi wakulima wadogo huchuma asubuhi, majani mawili na chipukizi lake, tukabeba vikapu mgongoni hadi kituoni. Karani hupima na kuandika kilo, kisha mnangoja lori la kiwanda. Msimu wa mvua, barabara za ndani zikigeuka tope, lori lilichelewa hadi usiku, na huko kungoja ndiko kulikotufundisha muziki. Karani wetu alikuwa na redio ndogo ya mawe. Aliifungulia idhaa ya Kiingereza ya KBC, na jioni kikaja kipindi cha Sundowner chenye nyimbo za zamani. Jim Reeves, Skeeter Davis, Kenny Rogers, Dolly Parton. Halafu Don. Mawe yakichoka karani aliyaanika juani kesho yake juu ya bati, yakapata nguvu ya nyimbo chache zaidi, na mtu asiye na adabu ya kunyamaza wakati wa nyimbo hizo chache alijua atakavyotazamwa.

Jim Reeves alikuwa wa Krismasi. Kenny Rogers alikuwa wa wanaume waliopenda hadithi za karata na bahati. Don Williams alikuwa wa kila mtu, na sababu yake si ya kutafuta mbali. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. Kila neno lilifika. Mama yangu aliacha shule mapema kulea wadogo zake, Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabika, na bado aliweza kufuata wimbo wake mmoja mwanzo hadi mwisho na kunieleza nani amempenda nani, nani ameondoka, nani anajuta. Mwalimu wetu wa Kiingereza alilijua hilo akalitumia: alituandikia ubaoni maneno ya nyimbo zake tukayasoma kwa sauti. Naamini wapo watu wazima wa kwetu Bureti leo, wenye vyeo vyao, ambao Kiingereza chao cha kwanza kisicho na woga walikipata kwa mtu huyu.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za mambo yetu. Mke. Mvua. Siku ambayo mtu anamwomba Mungu iwe njema, basi. Baba mlevi ambaye mtoto bado anampenda. Hakuna harusi niliyohudhuria Litein miaka hiyo ambayo "You're My Best Friend" haikupigwa, ama kwa kaseti iliyorudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic, ama, miaka ya baadaye, kwa spika kubwa za kukodi. Wanawake wa kituoni walishikilia kwamba ule wimbo aliuimba kwa ajili ya mkewe. Aliyeutunga ni mtu mwingine, Wayland Holyfield, lakini hilo halikuwahusu. Walichokuwa wakikihesabu ni ndoa: Don alimwoa Joy Bucher mwaka 1960 na alikuwa naye bado. Mwimbaji mwenye jina kubwa namna ile na mke mmoja kwa nusu karne! Mbele ya wanawake wa kituoni huo ndio uliokuwa ushahidi kwamba haimbi uongo.

Kisha ikaja ile video. Mwaka 1997 Don Williams aliimba Harare, Zimbabwe, onyesho likarekodiwa na kuuzwa kwa jina la "Into Africa". Litein tuliiona baadaye sana, kwa VCD za nakala zilizopangwa juu ya karatasi ya nailoni kando ya barabara. Hoteli moja ya chai na mandazi ilikuwa na televisheni iliyofungiwa kwenye kizimba cha chuma juu ukutani, na Jumamosi alasiri mwenye hoteli aliiweka. Watu walijaa hadi mlangoni. Sitasahau ukimya wa mara ya kwanza tulipowaona Waafrika wa Harare wakiimba naye, midomo ikienda na maneno yaleyale tuliyoyajua sisi. Tulikuwa tumedhani ni siri ya vilima vyetu. Kumbe Zimbabwe nao walikuwa na vituo vyao vya kungojea.

Basi habari ya ziara ilipofika, swali la kwanza pale hotelini lilikuwa hilo: kama alifika Harare, kwa nini asifike Nairobi? Dereva wa matatu alikuwa tayari na mpango. Onyesho lifanyike uwanja wa Nyayo, yeye atasimamisha kazi siku mbili, atachukua watu wa Litein peke yao, wapitie Kericho na Nakuru, walale Nairobi kwa jamaa. Watu wakaanza kujiandikisha kwake kwa mdomo. Kulikuwa na muuguzi wa hospitali ya misheni ya AIC, mwinjilisti, wachuuzi wawili wa viazi, na mzee mmoja ambaye hakuwa amewahi kuvuka Nakuru.

Mwalimu mmoja mstaafu alipinga. Yeye alimpenda Don kuliko wengi wetu, na ndiyo maana alipinga. Mtu mzima, alisema, akishaaga ameaga. Watu wamekulilia, wamekubariki, umekwenda. Ukirudi, machozi yao uliyafanyia nini? Na umri ule, miaka 71, usiku kucha kwenye basi kutoka mji hadi mji, ni nani anayemsukuma? Hotelini pakawa kimya kidogo, kwa kuwa jambo la kusukumwa tulilifahamu. Tulikuwa tumewaona wazee wetu wakiendelea kuchuma wakiwa na migongo iliyopinda kwa sababu ada ya mjukuu haijakamilika.

Aliyemjibu ni mama mmoja mchuma chai, aliyekuja kununua mandazi ya watoto na kusimama kusikiliza. "Mwalimu," alimwambia kwa heshima, "wewe ulistaafu, na juzi shule ilipokosa mtu wa darasa la nane ulikwenda. Nani alikusukuma?" Mwalimu akacheka, akasogeza benchi ampe nafasi. Sijapata kusikia jibu bora zaidi kwa wale wanaouliza kwa nini waimbaji wazee hawakubali kukaa chini. Shule imekosa mtu. Wanakwenda.

Ni katika mazungumzo hayo, si darasani wala kitabuni, ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya Chemirocha. Mzee asiyewahi kuvuka Nakuru alisema kwamba huyu Don si Mmarekani wa kwanza kupendwa huku. Alipokuwa kijana mdogo wasichana walimwimba mwingine. Baadaye nilisoma nikakuta mzee alikuwa sahihi kabisa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodia, alipita Kapkatet, jirani yetu tu. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kipsigis walimwimbia wimbo juu ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, ambaye sahani zake za gramafoni zilikuwa zimefika huku kwetu. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, katika wimbo huo Rodgers ni kiumbe nusu mtu nusu swala, na wasichana wanamwalika aje acheze nao. Walikuwa wanamwalika mtu aliyekwisha kufa miaka 17. Rekodi hiyo ilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, na miaka mingi baadaye nakala zikarudishwa Kapkatet, wazee wakazisikiliza.

Nairobi nimechekwa kwa muziki huu. Wenzangu wa chuo waliniambia watu wa Kericho na Bomet tunasikiliza nyimbo za wachunga ng'ombe wa kizungu kwa kuwa hatuna zetu. Si kweli, na iliniuma. Tulikuwa na chepkong'o, kinanda chetu cha nyuzi, kabla ya gitaa lolote. Tulikuwa na Kipchamba arap Tapotuk, ambaye gitaa lake lilisikika katika kila baa na kila jikoni kutoka Sotik hadi Kericho. Kituoni kaseti ya Kipchamba na ya Don zilikaa kwenye mfuko mmoja wa karani, na hakuna aliyeona moja ikiifukuza nyingine. Mtu mwenye chake ndiye anayeweza kumkaribisha mgeni bila hofu. Wale wasichana wa Kapkatet hawakumwimba Rodgers kwa mtindo wa Rodgers, walimwimba kwa wimbo wao, wakamfanya swala.

Don Williams aliendelea na ziara zake miaka kadhaa. Mwaka huohuo wa 2010 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la muziki wa kantri la Nashville, akatoa albamu mpya mwaka 2012 na nyingine 2014, akastaafu kabisa Machi 2016, akafariki tarehe 8 Septemba 2017. Kenya hakuja kwa ziara ile. Siku ya kifo chake simu yangu ilijaa ujumbe kutoka Litein, na nilimpigia mama tukazungumza kwa muda mrefu.

Lakini mwaka ule wa 2010 hatukujua lolote kati ya hayo, na tulikuwa na kazi ya kufanya. Mwalimu mstaafu, baada ya kushindwa hoja, ndiye aliyependekeza tumwandikie barua. Yeye aliandika, kwa Kiingereza na kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, meza ya hoteli ikiwa imezungukwa pande zote. Barua ilianza kwa salamu na kumuuliza Joy hajambo. Ikaeleza Litein ni wapi: ukitoka Nairobi pita Nakuru, fika Kericho, shika barabara ya Sotik, chai kulia na kushoto. Kisha ikaja orodha ya nyimbo, na hapo ndipo watu walipochelewa, maana kila mmoja alikuwa na wake. Tukapiga kura kwa mikono, wa kijani na wa nyekundu wakiinua pamoja. "I Believe in You" ilipata mikono mingi kuliko zote. Mwinjilisti aliomba ule wa kumwomba Mungu siku njema uwe wa mwisho, tukamkubalia.

Mama hakuridhika hadi iongezwe sentensi moja. Don asije kabla ya Oktoba, kwa sababu bonasi ya chai itakuwa haijalipwa na watu hawatakuwa na kiingilio. Aje Novemba, wenye madeni wawe wamelipa na wenye viatu vipya wawe wamenunua. Mwalimu akaiandika kama alivyoisema. Dereva naye akaomba kalamu, akaweka namba yake ya simu chini kabisa na kueleza kwamba matatu yake ni nyeupe, inakaa abiria 14, na kwamba Don akitua Nairobi asisumbuke kutafuta teksi.