Kutoka Kibabi mpaka Goma: safari ya mtoto mmoja na mbwa mmoja

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya bustani za mboga. Bustani zitangoja. Tumetoka Goma, na jambo lililotupeleka huko linagusa kila nyumba yenye mtoto, kwa hiyo tumeona heri tuwasimulie kwanza.

Anayefika Kibabi mara ya kwanza husema kwetu ni kuzuri, na ni kweli. Asubuhi ukungu unalala mabondeni. Ukiondoka, unaona vilima vya malisho, mistari ya mikaratusi, mashamba ya viazi na maharagwe, na wachungaji waliojifunga makoti ya mvua wakifuata ng'ombe wao. Masisi inajulikana mpaka Kinshasa kwa fromaji yake. Huku kwetu mnyama wa kufuga si pambo. Ng'ombe ni mahari na pesa ya masomo. Mbuzi ni dawa ya mtoto anapougua usiku. Simbilisi ni kitoweo mgeni anapobisha bila kutoa habari. Na mbwa ndiye anayekesha wakati sisi tunalala.

Wetu tulimwita Bobi. Alikuja nyumbani akiwa mdogo, ndani ya kikapu cha viazi. Kwa miaka minne aliwasindikiza watoto mpaka mlango wa masomo, kisha akarudi peke yake. Tulimpa mabaki ya bugali na mifupa ya sikukuu. Chanjo hatukumpa hata siku moja. Hatukujua pa kuiomba, na tuseme ukweli, hatukuuliza.

Siku ile tulikuwa tunawasha moto wa chai tuliposikia kelele. Mbwa asiye wa kijiji chetu alikuwa amepanda kutoka upande wa bonde, mate yanamtoka, anatembea kama mlevi. Bobi alimzuia kwenye ua wetu wakapigana. Yule mbwa alipoponyoka alikutana na mtoto wa jirani yetu, mvulana wa mwaka wa tatu, akienda kuteka maji na bidoni yake. Akamng'ata kwenye ndama ya mguu. Vijana walimfuata yule mbwa kwa mawe na fimbo, wakamuua, wakamtupa bondeni.

Watu walijaa, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja alisema tuchome manyoya ya yule mbwa tuyabandike kwenye kidonda. Mwingine alileta pilipili ya kusagwa. Mama wa mtoto alikuwa anatetemeka, alisema tu, "Mwalimu, tufanye nini?" Somo hilo tumelifundisha darasani miaka mingi, na siku hiyo lilitushtaki wenyewe. Tuliketisha mtoto kwenye benchi, tukachukua kipande cha sabuni na bidoni la maji, tukaosha kidonda kwa robo saa nzima, maji yakitiririka juu yake. Robo saa ni ndefu mtoto anapolia. Lakini virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa katika mate, na maji na sabuni ndiyo kazi ya kwanza ambayo kila mama anaweza kuifanya bila kungoja mtu. Hatukufunga kidonda kwa nguvu, hatukutia pilipili, wala majani, wala udongo.

Kituo cha kwanza tulichofikia kilitupokea vizuri, lakini chanjo hakikuwa nayo. Munganga alitwambia wazi: "Pandeni moto, muende Goma leo. Msilale."

Tulipanda watatu nyuma ya motari, mtoto katikati. Baba watoto alibaki nyumbani, akamfunga Bobi kwa mnyororo nyuma ya jiko, sikio lake limepasuka na shingo ina alama za meno. Watoto wetu tuliwakataza kumsogelea. Mdogo wetu aliuliza kwa nini mgonjwa mmoja anapelekwa Goma na mwingine anafungwa. Hatukuwa na jibu, moto ilikuwa imeshawashwa.

Njia hiyo mnaijua. Kuna sehemu mnashuka wote na kusukuma kwenye matope, na sehemu motari anaomba Mungu kwa sauti. Tulipita Mushaki, na pale njia inapoanza kuteremka tuliona ziwa Kivu likimeta chini. Siku nyingine tungesimama kulitazama. Sake tulipata wamama wanauza ndizi, mtoto akala moja, na hapo ndipo alipoacha kulia. Kisha mawe meusi ya volkano, chukudu zilizobeba magunia ya makala, vumbi, na Goma.

Hospitalini walimchunguza, wakaosha kidonda tena, wakamdunga sindano ya kwanza. Walitueleza kwamba sindano moja haitoshi. Zinafuatana kwa siku zilizopangwa, na hata moja isirukwe kwa sababu kidonda kimekauka. Ugonjwa huu hujificha, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu. Dalili zikishaanza, mtu haponi. Lakini chanjo ikitolewa mapema na ratiba ikafuatwa mpaka mwisho, mtoto anakingwa. Ndiyo maana mama yake alibaki Goma kwa dada yake, akauza hereni zake ili akae mpaka ratiba iishe. Aibu ilitushika. Mtoto wake aling'atwa mbele ya ua wetu, na nyumba yake yeye haina mbwa.

Kesho yake, kabla ya kurudi, tulitafuta munganga wa wanyama. Tulielekezwa kwenye duka dogo la dawa za mifugo, si mbali na soko la Virunga. Mbele yetu alikuwepo mzee mwenye kamba mkononi bila mbuzi. Mbuzi alikuwa amekufia njiani, naye alikuja kuuliza kama nyama yake inaliwa. Aliambiwa asiile, akaketi kimya. Kisha zamu yetu.

"Mbwa wenu alichanjwa?"

"Hapana."

"Na yule mwingine alimng'ata?"

"Sikioni na shingoni."

Aliweka kalamu chini. "Mama Mwalimu, nikisema ninayo dawa ya kumponya nitakuwa nawadanganya."

Alitueleza njia mbili. Ya kwanza, kumfungia Bobi peke yake miezi sita, mahali penye ukuta wa nguvu, chakula kisukumwe kwa mti, asiguswe na mtu wala mnyama. Ya pili, kumdunga sindano ya kumlaza asiamke tena, kabla hajaanza kuugua. Nyumba yetu ni ya mbao. Tuna watoto wanne, na ua wetu ni njia ya mkato ya wanafunzi. Tulijua jibu kabla hajamaliza kusema.

Ukutani kwake palikuwa na kalenda yenye picha ya ngagi, gorila wa milimani. Labda ili tusimtazame usoni, tulimwuliza kama na hao wana waganga. Akacheka kidogo. Akasema wapo, wanaitwa Gorilla Doctors. Kazi yao ilianza mwaka 1986 upande wa Rwanda, baada ya Dian Fossey kuomba munganga wa wanyama aje, na leo waganga Wakongomani wanaifanya Virunga na Kahuzi-Biega. Ngagi akinaswa mkono kwenye waya wa mtego, wanabeba dawa mgongoni, wanapanda siku nzima, wanamlaza kwa mshale wa dawa, wanakata waya na kutibu kidonda. Na pale Rumangabo kuna kituo cha Senkwekwe, kinacholea ngagi yatima. Kinabeba jina la dume aliyeuawa mwaka 2007.

Mwanzoni maneno hayo yalituchoma. Wanyama wa msituni wana waganga, na mbuzi wa mzee anakufa njiani! Lakini tukiwa juu ya moto tukirudi, tuliyafikiri upya. Ngagi hateremshwi Goma. Munganga ndiye anayepanda. Sisi Kibabi tunafanya kinyume: tunangoja mnyama azidiwe, ndipo tunamfunga kwenye moto au tunamburuta njiani, naye anafika amechelewa. Kwa nini munganga asipande kwetu wanyama wakiwa wazima?

Swali hilo tulikuwa tumeshamwuliza kabla ya kuondoka, na jibu lake ndilo sababu kubwa ya barua hii. Alisema chanjo ya mbwa lazima ikae kwenye baridi, kati ya digri 2 na 8, na chupa moja ikifunguliwa hutosha mbwa kadhaa. Kwa mbwa mmoja hawezi kupanda Masisi. Kwa mbwa wengi waliokusanywa siku moja, mahali pamoja, atakuja na sanduku lake la baridi, na gharama tutaigawana.

Kuhusu Bobi, alikuja veterineri anayehudumia ng'ombe wa malisho jirani. Alivaa glavu. Baba watoto alishika mnyororo kutoka mbali, na Bobi alitikisa mkia kwa sababu alituona. Watoto tuliwaweka ndani, lakini mbao zina nafasi, waliona. Tulimzika kwa kina kirefu nyuma ya mikaratusi. Mdogo wetu bado anaacha kipande cha bugali kwenye sahani.

Wamama, hayo tuliyojifunza kwa uchungu, ninyi mpate bure. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, wengi Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo:

Mtoto aking'atwa, au mbwa akimlamba penye kidonda, mwoshe kwa maji na sabuni robo saa, kisha mpeleke kwa munganga siku ileile. Mwambieni mtoto asifiche kwa kuogopa fimbo.

Mbwa aliyeng'ata akiwa anajulikana na anaonekana mzima, msimuue kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiugua au akifa ndani ya siku hizo, munganga ajulishwe mara moja.

Mbwa aliyekufa kwa kushukiwa asishikwe kwa mikono mitupu wala kutupwa bondeni kama tulivyofanya sisi. Veterineri aambiwe, maana kichwa chake kinaweza kupimwa.

Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama munganga alivyoandika.

Mpaka leo nyumba 11 zimeshaandika mbwa wao. Tunahitaji nyingi zaidi ili munganga akubali safari. Mpeni katibu majina kabla ya siku ya posho, kwenye uwanja wa masomo baada ya soko. Asiye na mbwa naye aje, kwa sababu mtoto aliyeng'atwa alitoka nyumba isiyo na mbwa.

Mama yake ametuma habari jana: sindano ya tatu imeshadungwa, na mtoto anauliza nani anateka maji nyumbani. Tumemjibu kwamba ni sisi.