India, hoteli za kifalme na koma mbili

Haya, nimerudi. Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. La. Kazi ni ile ile ya programu za hoteli: vyumba, bili, stoo, malalamiko ya wahasibu. Ila leo sitaandika juu ya programu, au nitaandika kidogo tu kwa sababu siwezi kujizuia. Nataka kuwasimulia safari ya India ya Novemba 2024, siku tisa katika hoteli za aina ambayo kwa kawaida naiona tu kwenye skrini.

Kwanza niseme ukweli kuhusu pesa, maana najua mtauliza. Mkataba mmoja ulilipa vizuri, tena kwa mkupuo, baada ya miaka ya kulipwa kwa vipande vipande. Mtu mwenye akili angenunua ploti. Mimi nilimchukua Baba.

Baba alikuwa weita. Alianza mwaka 1983 katika hoteli moja ya ufukweni kule Diani, akastaafu 2012 akiwa kapteni wa ukumbi wa chakula. Miaka 29. Katika muda wote huo mimi niliingia hoteli ile mara tatu, zote kwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, nikimpelekea ujumbe kutoka nyumbani. Na yeye mwenyewe hakuwahi kulala usiku hata mmoja kwenye kitanda cha hoteli. Nilitaka alale, basi. Niliona ni hesabu rahisi. Mama hakutaka kusikia habari za ndege, akabaki Ukunda na kuku wake.

Kutoka Nairobi hadi Mumbai ni kama saa sita hewani. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Nusu, jamani! Kama umewahi kuandika programu inayodhani kwamba nchi zote zinapishana kwa saa kamili, India itakufunza adabu. Baba hakugusa saa yake ya mkononi, akawa anajumlisha kichwani safari nzima.

Mumbai tulilala Taj Mahal Palace. Jamsetji Tata aliifungua mwaka 1903, kabla ya lile lango maarufu la Gateway of India lililo mbele yake, ambalo lilikamilika 1924. Sitawachosha na maelezo ya kuba na ngazi, picha zimejaa kwenye mtandao. Mimi nilikuwa nimeinua shingo naangalia dari. Baba alikuwa anaangalia watu wa kazi.

"Hapa hakuna anayekimbia," aliniambia tulipokaa kunywa chai. "Ukiona weita anakimbia, ujue jikoni kuna shida." Kisha akainua glasi ya maji akaitazama kwenye mwanga, akaipindua uma upande wa nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nimesoma tathmini nyingi za hoteli kwenye tovuti za wasafiri. Hakuna hata moja iliyowahi kunieleza kwa nini mahali fulani ni pazuri kama alivyofanya mzee huyu kwa kikombe kimoja cha chai.

Lakini shida ilianza hapo hapo. Kijana wa mizigo alipokuja, Baba hakuliachia begi lake. Walishikana nalo hadi kwenye lifti, wote wawili wakitabasamu. Mwishowe Baba akampa bakshishi na begi akalibeba mwenyewe. Asubuhi nilipoamka nikakuta ameshatandika kitanda chake, pembe zimekunjwa kama za hospitali. Nikamwambia, Baba, kuna watu wa kazi hiyo. Akanijibu, "Najua. Ndiyo maana."

Chini, kwenye ukumbi wa mapokezi, kuna kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la 26 Novemba 2008, wageni na wafanyakazi. Hoteli ilishikiliwa na watu wenye silaha hadi tarehe 29, na katika jiji zima waliuawa watu zaidi ya 160. Linalosimuliwa hadi leo ni jinsi wafanyakazi wengi, waliozijua njia za jikoni na wangeweza kutoroka, walivyobaki kuwaongoza wageni nje. Wapishi walikufa hivyo. Meneja mkuu alipoteza mke na watoto wawili humo humo, na bado aliendelea kusimamia uokoaji.

Baba alisimama pale akisoma majina pole pole, moja moja. Wasomaji wa Pwani mtakumbuka Kikambala, 28 Novemba 2002. Hoteli ililipuliwa wageni wakiwa ndio kwanza wanawasili, wakauawa Waisraeli watatu na Wakenya kumi. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni. Baba aliwafahamu wawili. Hakusema chochote pale Mumbai, ila tulipotoka nje aliniuliza kama nadhani bado kuna mtu anayejua majina ya wale wa Kikambala. Sikuwa na jibu.

Tukaruka hadi Udaipur, Rajasthan. Kama kuna sehemu ya safari hii inayofanana na matangazo, ni hii. Lake Palace ni jumba la marumaru nyeupe lililojengwa na Maharana Jagat Singh wa Pili katikati ya ziwa Pichola, likakamilika 1746. Limejaza kisiwa kizima, kwa hiyo ukiwa mbali unaona kama linaelea. Unafika kwa boti. Wapenzi wa sinema walioona James Bond ya 1983, Octopussy, wameshaliona. Wafalme wa huko waliligeuza hoteli miaka ya 1960, na hawakuwa peke yao. Baada ya uhuru watawala wa zamani walibaki na majumba makubwa na posho kutoka serikalini, na posho hiyo nayo ikafutwa mwaka 1971. Paa la ikulu likivuja linahitaji pesa, awe ndani analala mfalme au mtalii.

Tuliposhuka kwenye boti tukamwagiwa petali za waridi kutoka juu. Mimi nilitabasamu kwa ajili ya picha. Baba aliinua kichwa kumtafuta anayezirusha. Usiku, tukitoka kula, tulimpita mtu anazifagia, naye Baba akaniangalia kama anayesema, nilijua.

Sasa chakula. Siwezi kuruka chakula. Jioni ya kwanza walituletea thali, sinia la vibakuli vidogo vidogo: dengu za aina mbili, maziwa mgando, bamia, mboga ambayo sikuijua, achari, wali na mikate. Unachovya hapa, unachovya pale, na kila kibakuli kikiisha mtu anakuja kukijaza. Wala mboga huko ni wengi mno, hata vyakula vya paketi vinatakiwa kuwa na alama ya nukta ya kijani ndani ya mraba kuonyesha havina nyama. Kama mtu wa programu nilipenda hiyo: taarifa moja, ndiyo au hapana, na hata asiyejua kusoma anaielewa.

Habari ya chapati lazima niwape Wakenya wenzangu. Chapati yetu, ile ya tabaka na mafuta, si chapati kwao. Ile inakaribia paratha. Chapati yao ni nyembamba, kavu, inavimba kwenye moto kama puto. Baba alikula nne kisha akasema za Mama ni tamu zaidi, na nadhani ana haki. Kule Jaipur baadaye tulikula laal maas, nyama ya mbuzi kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili. Niliomba maji mara tatu. Chai, hata hivyo, tuliikuta nzuri zaidi barabarani kuliko hotelini. Tuliponunua kwa mama mmoja kando ya njia, alikuwa na kibandiko cha QR kwenye birika! Wanatumia UPI, mfumo ulioanza 2016 unaounganisha benki zote, na karibu kila mtu analipa kwa simu. Sisi wenye M-Pesa tangu 2007 huwa tunajiona tumeigundua dunia. Mimi bila akaunti ya benki ya India nilitoa noti, nikajiona mshamba. Halafu nikakumbuka kwamba hata neno pesa tulilipata kwao, kutoka paisa.

Udaipur hadi Jaipur tulikwenda kwa gari, kama kilomita 400. Jaipur kuna Jantar Mantar, uwanja wa vyombo vya kupima nyota vilivyojengwa kwa mawe na chokaa na Maharaja Jai Singh wa Pili miaka ya 1730. Saa yake kubwa ya jua ina urefu wa mita 27 hivi, na kivuli chake kinasogea karibu milimita moja kwa sekunde. Unasimama unakiona kikitembea. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya kile kivuli, na huenda nitaandika.

Hoteli ya Jaipur sitaitaja, kwa sababu nitakayosimulia ni aibu yangu na si yao. Ilikuwa nyumba ya kabaila wa zamani, yenye ua katikati, na siku hizo kulikuwa na harusi, kwa hiyo kila mtu alikuwa kazini hadi usiku wa manane. Usiku wa mwisho niliomba bili mapema ili asubuhi tuondoke haraka. Kijana mmoja akaileta kwenye kifuko cha ngozi. Nilikuwa nimechoka, nimeshiba vibaya, na nikafungua nikaona hivi: 1,12,500.

Koma mbili. Kwa macho yangu koma mbili ni milioni. Nikaona rupia milioni moja na ushee, yaani karibu milioni 1.7 za Kenya, kwa usiku tatu na nyama ya mbuzi. Nikamuuliza yule kijana kama ananiona mjinga. Akajaribu kueleza, nikamkatiza. Nikasema mimi natengeneza mifumo ya bili kwa kazi, najua bili iliyochezewa nikiiona, amwite mkubwa wake. Nilisema kwa sauti. Meza za jirani ziligeuka. Kijana alisimama mikono nyuma, anarudia kitu kimoja kwa Kiingereza chake, nami nikawa simsikii.

"Amesema laki moja," Baba akasema kwa Kiswahili. "Laki moja, elfu kumi na mbili, na mia tano. Wewe husikii?"

Laki. Neno ambalo Pwani tunalitumia kila siku, na asili yake ni huko huko. Wahindi hukata tarakimu tatu za kwanza kutoka kulia, kisha wanaendelea kwa mbili mbili, kwa sababu wanahesabu kwa laki. Elfu mia moja inaandikwa 1,00,000. Bili ilikuwa kama shilingi 170,000 za kwetu, sawa kabisa na bei niliyoikubali nilipohifadhi chumba. Ajabu ni kwamba jambo hili nalijua. Kila kompyuta ina mpangilio wa namba wa India, nimeupita mara mia kwenye orodha.

Nikalipa. Kijana akasema asante, akaondoka bila kukimbia.

Baba hakusema neno hadi chumbani. Nilipotoka kuoga hakuwepo. Nilimtafuta ukumbini, kwenye bustani, nikaanza kuingiwa na hofu, na nikamkuta uani ambako harusi ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekaa na weita watatu kwenye meza ndefu, yule kijana mmoja wao, wanakunja vitambaa vya mezani vya kesho. Baba alikuwa anawaonyesha ule mkunjo wa kofia ya askofu. Kijana alimwita anko, kama vijana wa huko wanavyowaita wazee. Nilisimama kwenye nguzo. Tangu tutue Mumbai sikuwa nimemwona amekaa kwa raha namna ile.

Tukirudi chumbani aliniambia, "Sauti ile naijua. Nimeisikia miaka ishirini na tisa. Sikujua kama ninayo nyumbani."

Asubuhi nilimtafuta kijana nikamwomba radhi. Alijibu kwamba hakuna tatizo kabisa, bwana, haraka mno na kwa tabasamu kamili, hivyo hadi leo sijui kama alinisamehe. Nilimweleza Baba. Akasema jibu hilo pia analijua. Kisha akamwita kijana mwenyewe, akampa begi lake alibebe hadi kwenye gari.

Kwa wanaopanga kwenda: viza inaombwa mtandaoni, usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na Novemba hali ya hewa Rajasthan ni nzuri.

Na kwenye programu yetu ya hoteli, toleo jipya lina mstari mmoja zaidi chini ya bili: kiasi kwa maneno. Mteja mmoja aliniuliza umetoka wapi, maana hakuna aliyeuagiza. Nikamwambia ni ombi la mtumiaji wa Ukunda.