Geuza kigae, sugua jiwe

Wadau, kabla hamjampa mtu hata shilingi kwa ajili ya jiwe linalometameta, tafuteni kipande cha kigae cha bafuni. Kigeuzeni. Ule upande wa nyuma unaokwaruza, usio na mng'aro, ndio maabara yenyewe.

Nasema hivi kwa sababu ya binamu yangu. Ana kazi nzuri hapa Dar, shahada anayo, ila jamaa mmoja alimwonyesha jiwe lenye punje za njano "kutoka Geita" na kumtaka achangie milioni mbili za kuchimba duara. Akaniletea nilitazame, maana eti waandishi tunajua kila kitu (tungejua, mshahara ungekuwa huu?). Nikamwambia: dada, tusibishane, tusugue.

Siri ni kwamba rangi ya nje ya jiwe hudanganya. Kutu, mwanga, uchafu kidogo tu, imebadilika. Rangi ya unga wake haiyumbi hivyo. Hematiti inaweza kuwa nyeusi ya kung'aa kama chuma, lakini ukiisugua kwenye kigae inaacha mstari mwekundu wa kahawia. Dhahabu huacha mstari wa njano. Pairiti, ambayo Waingereza huiita dhahabu ya wajinga, huacha mstari mweusi wenye ukijani.

Tukasugua. Mweusi.

Binamu akanyamaza, halafu akauliza swali lililonifurahisha: kwa hiyo jiwe halina dhahabu kabisa? Hapo ndipo kigae kinapoishia. Geita kwenyewe dhahabu hukaa pamoja na pairiti, mara nyingi kwa chembe zisizoonekana kwa macho. Kigae kimetuambia tu kwamba zile punje alizoonyeshwa si dhahabu. Kilichofichwa ndani ya mwamba ni kazi ya maabara ya kweli. Amemjibu jamaa kwamba pesa itatoka baada ya majibu, na bado wanavutana.

Angalizo kwa wajanja: shaba ya njano, ile ya makufuli, nayo huacha mstari wa njano. Kwa hiyo wanunuzi hutumia asidi ya naitriki. Shaba hutoa povu na kugeuka kijani, dhahabu haishtuki. Msijaribu jikoni, asidi hiyo inaunguza. Na rubi msihangaike nayo. Ni ngumu kuliko kigae, mtakikwaruza kigae bure.